Sekunde za Wachezeshaji Wawili

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, lakini mjini kwetu hakuna anayemwita mwalimu isipokuwa wanafunzi wake na kocha wa timu ya taifa. Wengine wote wanamwita Bwana Sekunde. Kwa miaka ishirini na miwili amekaa kwenye meza ya maofisa pembeni mwa uwanja wa mpira wa kikapu, kidole juu ya kitufe, akiendesha ile saa inayoipa timu sekunde ishirini na nne za kurusha mpira kikapuni. Zikiisha hujarusha, honi inalia na mpira wanapewa wenzako. Kazi yenyewe haina sifa. Akikosea, ukumbi mzima unamtukana pamoja na marehemu mama yake. Akipatia, hakuna anayekumbuka kama yupo.

Yeye hakosei. Sisemi hivyo kwa sababu ni mume wangu, maana yako mengi anayokosea na nikianza kuyataja hapa patakucha. Ukimtuma vitunguu analeta nyanya. Lakini kwenye saa, hapana. Mwaka juzi, katika fainali ya ligi ya wanawake, alimpigia honi binti yetu wa kumzaa, mpira ukiwa bado umegusa ncha za vidole vyake. Angemwachia nusu sekunde tu, kombe lingekuwa la klabu ya mwanawe. Binti alimgeukia akamtazama kwa jicho ambalo mimi lingenitoa machozi. Baba mtu akairudisha saa kwenye ishirini na nne, akangoja mpira uingizwe. Siku mbili hawakusemeshana pale nyumbani. Siku ya tatu nikawakuta jikoni wanacheka, hata sijui walichekea nini.

Binti mwenyewe ndiye kitindamimba wetu, kwa hiyo tunamwita Kitinda. Ni mchezeshaji, yule anayeupeleka mpira mbele na kuamua nani apewe na wakati gani. Kwenye klabu yake mpira haufiki popote bila kupitia mikononi mwake. Mambo yaliharibika alipoitwa timu ya taifa akamkuta mwenzake wa tabia hiyohiyo, msichana mfupi, mwepesi, ambaye mashabiki wamempa jina la Pilipili. Naye kwao ndiye mwenye mpira. Kila mmoja akicheza bila mwenzake, utapenda. Wakiwekwa pamoja wanakuwa kama wapishi wawili wanaogombea mwiko mmoja. Wenzao watatu wanabaki kupunga mikono hewani, sekunde zinayeyuka, honi inalia.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," nilimwambia kocha alipokuja kwetu Jumapili moja mchana.

"Shemeji, hawa ni mitamba," akanijibu. "Na zizi ninalo hilohilo moja."

Alicheka, lakini kwa sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri wiki nzima. Ilikuwa imebaki mechi moja, Jumapili inayofuata. Tukishinda, timu inakwenda mashindano ya bara. Tukifungwa, tungoje miaka miwili. Kitinda ana miaka ishirini na minane na goti la kushoto lililokwishapasuliwa. Yeye hana miaka miwili ya kungoja, na hilo tulilijua sote pale sebuleni ingawa hakuna aliyelitamka.

Kocha akamgeukia mume wangu. "Mwalimu, video za mechi tatu zilizopita nimekuletea. Nihesabie. Nataka kujua ni nani kati yao anayeukalia mpira. Utakayeniandikia kwamba aanzie benchi, ataanzia benchi."

"Mmoja ni mwanangu."

"Najua. Ungenionyesha mtu mwingine aliyempigia honi mwanawe kwenye fainali, ningemfuata huyo."

Mume wangu alikohoa, akasema sawa.

Hesabu zake anazifanya hivi. Ana saa mbili za kubonyeza, kila moja na kamba yake, nyekundu ya huyu na nyeusi ya yule. Mchezaji akiupokea mpira, anabonyeza; akiuachia, anabonyeza. Kila shambulizi likiisha anaisimamisha video, anaandika kwenye daftari la miraba kwa penseli iliyochongwa mpaka inachoma. Jumatatu, Jumanne na Jumatano, akitoka shule tu, alijifungia na kompyuta ya shule chumba cha mbele. Nilikuwa nasikia tiki, tiki, tiki mpaka nikahisi zinatoka kichwani mwangu. Kitinda akirudi mazoezini anapita mlangoni kwa kunyata. Hakuuliza kitu. Na mimi namjua, akinyamaza hivyo ujue anaumia.

Jumatano jioni mume wangu akaniita nimsikilize, kama anavyofanya kwa ripoti zake zote. Akasoma amesimama, kama yuko mbele ya darasa. Wachezeshaji hao wawili wakiwa uwanjani pamoja, Pilipili anakaa na mpira sekunde tisa katika kila shambulizi. Kitinda, sekunde tano. Kwa hiyo anayeukalia mpira ni Pilipili. Kwa hiyo timu akabidhiwe Kitinda, Pilipili aanzie benchi.

"Nimehesabu mara mbili," akasema. "Nilitamani itoke vinginevyo, watu wasije wakasema. Lakini namba ni namba."

Sura yake ilikuwa na furaha, maskini, furaha ya baba ambaye kwa mara moja maishani haki na mapenzi vimekubaliana. Nikasema, "Vizuri." Nikaingia jikoni nikaosha sufuria iliyokwishaoshwa. Ripoti ile haikuwa kweli, na katika nyumba ile mtu wa pekee aliyejua ni mimi.

Ngoja nieleze, maana mimi mpira wenyewe siujui. Ukiniuliza kanuni zake nitakuchekesha. Lakini tangu Kitinda alipopasuliwa goti, sijawahi kukosa mechi yake hata moja, na nikiwa pale jukwaani sijui mpira uko wapi. Mimi naangalia goti. Akiruka, naangalia goti linavyotua. Akipigwa kumbo, nasimama. Jirani yangu jukwaani hunishangaa, watu wanashangilia kikapu upande wa pili mimi nimekodoa macho upande ambao hakuna kitu. Kwa hiyo ninajua ambacho kocha hajui, na Bwana Sekunde na saa zake mbili hajui. Ninajua mwanangu anafanya nini mpira ukiwa mikononi mwa Pilipili.

Anasimama. Anakwenda kona ya kushoto, anaweka mikono kiunoni, anatafuna ukosi wa jezi. Hakimbii, hajiweki wazi, hainui hata mkono. Wale wapinzani nao si wajinga. Aliyepangiwa kumkaba anamwacha, anakwenda kumsonga Pilipili, sasa Pilipili ana watu wawili usoni na mwenzake kasusa. Ampe nani? Ndipo zinapotoka hizo sekunde tisa. Lakini mpira ukiwa kwa Kitinda, Pilipili anahangaika huku na huku kama mwenye siafu miguuni mpaka apatikane, ndiyo maana Kitinda anauachia ndani ya sekunde tano. Zile tano zilikuwa jasho la mwenzake.

Mume wangu asingeweza kuliona hilo. Ameishi miaka ishirini na miwili macho yakiwa juu ya mpira. Mwendesha saa akiuacha mpira hata kidogo ameharibu kazi. Aliziangalia video zile kama anavyoangalia mechi, na saa zake zikahesabu zilichoonyeshwa.

Sasa nifanyeje? Mama gani anamtoa mwanawe kikosini kwa mdomo wake mwenyewe? Usiku ule na kesho yake nilijipa kila sababu ya kunyamaza. Kwamba mimi si mtaalamu. Kwamba huenda Kitinda akikabidhiwa timu yote tutashinda, nani ajuaye. Kwamba Pilipili bado mdogo, miaka miwili kwake si kitu. Kisha nawaza tumefungwa, na ripoti iko mikononi mwa kocha, na watu wanasema Bwana Sekunde kumbe naye ni wale wale, kambeba mwanawe. Mume wangu hana shamba, hana gari, ana jina lake tu. Na nikiliacha hilo pembeni, bado namwona yule msichana mwingine anakaa benchi kwa kosa la mwanangu. Roho ilikataa kutulia.

Mimi napiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Alhamisi niliunguza koti la daktari, alama ya pasi mgongoni, kubwa, ya kahawia. Miaka kumi na saba sijawahi kuunguza hata leso. Msimamizi akanitazama, akaniuliza kama nina mgonjwa nyumbani.

"Sina mgonjwa," nikamwambia. "Nina mechi."

Ijumaa mume wangu alikuwa apeleke ripoti baada ya chakula cha mchana. Niliomba ruhusa, nikamkuta anavaa viatu. Bahasha iko mezani.

"Baba Kitinda, kaa kidogo."

"Nachelewa."

"Kaa."

Nikamwambia yote, goti, kona ya kushoto, mikono kiunoni. Maneno yalitoka mbio yakigongana. Nilitaraji aniambie wewe na mpira wapi na wapi, na kusema kweli nilitamani aniambie hivyo ili niwe nimesema na jambo liishie hapo. Badala yake alivua kiatu kimoja alichokuwa ameshavaa, akawasha kompyuta, akaweka kidole gumba juu ya kioo, juu ya mpira wenyewe, akawa anakisogeza kidole kila mpira unapokwenda ili asiuone. Saa za kubonyeza hakuzigusa. Aliangalia hivyo kuanzia saa nane mchana mpaka jua linakuchwa, mechi zote tatu, kioo kizima kikajaa alama za vidole. Nilimletea chai ikapoa, nikaleta nyingine, nayo ikapoa.

Mwishoni akasema, "Mara arobaini na moja amesimama. Arobaini na moja."

"Labda alikuwa amechoka. Lile goti..."

"Akiwa na mpira hachoki."

Akachana ripoti, akaandika nyingine ya ukurasa mmoja. Pilipili aanze. Kitinda aingie robo ya pili, na wakiwa pamoja mpira uwe wa Pilipili, Kitinda akimbie bila mpira, akisimama atolewe. Herufi zake zililala upande. Mlangoni akanigeukia.

"Kitinda akiuliza, wewe hujui lolote. Umenisikia?"

"Mbona..."

"Hujui lolote."

Kocha alitangaza kikosi Jumamosi asubuhi mazoezini. Saa saba Kitinda akaingia nyumbani na begi begani, akalitua katikati ya sebule tulipokuwa tumekaa. Nilikuwa nakunja nguo. Nilikunja shati moja mara tatu.

"Baba, ni wewe umeandika mimi nianzie benchi?"

"Ni mimi."

"Nasikia nasimama kona ya kushoto."

"Mara arobaini na moja."

"Nani alikwambia?"

Mume wangu, mtu ambaye dukani akirudishiwa chenji iliyozidi anarudi mbio na jua la saa saba, akamtazama mwanawe machoni akasema, "Hakuna aliyeniambia. Niliona mwenyewe."

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema, iko pale wazi kabisa mbele yangu, na mimi nikavuta shati jingine nikakunja. Kitinda akanitazama mimi, akamtazama baba yake, akaokota begi.

"Ulinipigia honi kwenye fainali nikakusamehe," akasema, "kwa sababu ilikuwa haki. Hii sijui kama nitaweza."

Akaingia chumbani kwake. Siku ile hakula nasi. Mume wangu alikaa na sahani yake hakuigusa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wanasema wahenga, lakini hawakusema kwamba hata usiyemchelea unalia vilevile.

Jumapili saa kumi ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Mechi za kimataifa zina waendesha saa wao, kwa hiyo mume wangu alikaa nyuma ya benchi letu na daftari lake magotini, mikono haina kazi. Pilipili akaanza. Kitinda alikaa mwisho wa benchi, taulo kichwani, simwoni hata uso. Mimi nilikuwa jukwaani nimeshika pochi kwa mikono miwili, nikiomba. Naona aibu kusema nilichokuwa naomba. Kwa muda fulani niliomba tufungwe, ili ionekane nilikosea.

Robo ya pili akaingia. Mpira wa kwanza ukaenda kwa Pilipili, na mwanangu akaenda zake kona ya kushoto. Akasimama. Mikono ikapanda kiunoni. Kocha akanyanyuka. Nikasema kwa sauti, mpaka jirani yangu akageuka, "Kimbia, mama, kimbia!"

Hakunisikia, kwa kelele zile nani angesikia. Alikaa pale labda sekunde tatu. Kisha akaitema jezi mdomoni akakimbia. Alikimbia kwa hasira, akapita nyuma ya wapinzani chini ya kikapu akatokea upande wa pili, na aliyemwacha akalazimika kumfuata, na Pilipili akapata pa kupumulia. Hakupewa mpira. Akakimbia tena. Safari ya nne ndipo akapewa, akafunga, na hakushangilia, alirudi kukaba kama mtu anayekwenda kulipa bili ya umeme. Nilikodolea goti macho mpaka yakanitoka machozi. Dakika sita za mwisho walicheza pamoja.

Tulishinda kwa pointi tatu. Kitinda alifunga pointi sita tu, pungufu kuliko mechi yoyote ya msimu ule. Gazeti la kesho yake lilimsifu Pilipili ukurasa mzima, mwanangu wakamtaja kwenye mstari mmoja, tena jina wamelikosea.

Nilimkuta korido ya vyumba vya kubadilishia nguo, amekaa peke yake kwenye benchi la mbao, mfuko wa barafu umefungwa gotini. Wenzake walikuwa ndani wanaimba. Nikakaa karibu yake. Nilikuwa nimelijaribu neno langu kuanzia jukwaani hadi pale, na bado lilitoka vibaya.

"Kitinda, baba yako hakuona kitu. Ni mimi. Ni mimi niliyemwambia unasimama. Alikudanganya kwa ajili yangu."

"Najua, Mama."

"Unajua?"

"Tangu jana, aliposema ameniona mwenyewe." Aliusogeza mfuko wa barafu kidogo. "Nimeanza kucheza nina miaka kumi na moja. Baba hajawahi kuniangalia hata siku moja nikiwa sina mpira. Ningesahauje?"

Hakulisema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kumjibu. Alilisema taratibu kama mtu anayetaja namba ya kiatu chake, na mimi nikakaa pale nimeshika pochi, nikimfikiria yule mwanamume na kidole chake gumba juu ya kioo, mchana kutwa, akimtafuta mwanawe kwa mara ya kwanza na kumkuta amesimama kona ya kushoto anatafuna jezi.

Mlango wa mwisho wa korido ukafunguka. Mume wangu alikuja nusu mbio, daftari juu, miwani imeshuka puani.

"Sita!" akasema. "Wakiwa pamoja, Pilipili leo sekunde sita! Kutoka tisa!" Kisha akatuona nyuso zetu, akapunguza mwendo. "Mnazungumza nini?"



"Mambo ya wanawake, Baba," Kitinda akasema, akajisogeza ili apate pa kukaa.